Kiswahili cha Mama Mbele ya Wazee

Baba na mama walipooana, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Baba alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, kutoka kijiji kimoja karibu na Busia. Mama alikuwa Mpadhola wa Mwello, upande wa Uganda. Walikutana Tororo, baba akiwa kibarua katika kiwanda cha saruji na mama akiuza karanga na maziwa ya mgando njiani wanakopita wafanyakazi. Kisamia na Kipadhola havifanani hata kwa bahati mbaya. Walichokuwa nacho wote wawili ni Kiswahili cha laini.

Laini ni zile safu za nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja kimoja, ambamo nilizaliwa na kukulia. Jirani wa kulia alikuwa Mteso wa Mukuju, wa kushoto Mjaluo, wa mbele Mgisu, na wote walielewana kwa Kiswahili ambacho hakikuwa na ngeli wala nyakati. Watu walikuwa mingi. Kitu kilikuwa yangu au yako. Nakwenda ilitosha kwa aliyekwenda jana, anayekwenda sasa na atakayekwenda kesho, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Kwa Kiswahili hicho wazazi wangu walitongozana, wakagombana, wakapatana, wakanilea. Nakumbuka baba akirudi jioni, nyusi zake nyeupe kwa vumbi, akiinama mlangoni.

"Mama ya mtoto, leo nakula nini?"

"Posho na boo."

Posho ni ugali. Boo ni majani ya kunde, mboga ya kwao mama.

"Boo tena?"

"Boo tena. Kama hapana taka, kula ile vumbi ya kichwa yako."

Baba alicheka mpaka akaketi kizingitini. Mimi niliamini kuwa hivyo ndivyo watu wote duniani wanavyosema na wake zao.

Nilipokuwa na umri wa miaka kama tisa, baba alipatwa na homa ya tumbo, na masika yalipokwisha alikuwa ameshakufa. Tulimleta kwao kwa lori, mimi nimekaa juu ya gunia, mama amempakata mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Tukamzika mbele ya nyumba ndogo ya nyasi aliyoijenga mwenyewe wakati wa likizo zake. Desturi ilimtaka mama abaki pale kwa mumewe, naye hakutaka kwenda popote. Akaingia katika nyumba ile, akatandika mkeka, tukaanza kuwa watu wa Busia.

Nyanya, mama yake baba, hakujua lugha yoyote isipokuwa Kisamia. Kwa Kiswahili alikuwa na maneno matatu aliyoyaokota sokoni: kula, lala na pole. Asubuhi alikuja na kibuyu cha uji akasema, "Kula." Usiku ukiingia alisukuma mlango akasema, "Lala." Na mchana, wakikutana kisimani au penye kaburi, alimshika mama mkono akasema, "Pole." Mama naye alijibu, "Pole." Mmoja amefiwa na mwana, mwingine na mume, na neno lilikuwa hilo hilo moja, linakwenda na kurudi.

Nikapelekwa shule ya kanisa. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa Mtaita, mtu mrefu, mkali kwa makosa lakini si kwa watu. Siku ya kwanza alitusimamisha mmoja mmoja tueleze asubuhi yetu. Zamu yangu ikafika.

"Umekula nini leo asubuhi?"

"Mimi nakula posho ya jana."

"Posho? Kwani wewe ni askari, unapewa posho? Ilipashwa moto tena?"

"Mama nawasha kwa sigiri."

"Sigiri ndiyo nini?"

Nilionyesha kwa mikono: chombo cha bati, makaa ndani, chungu juu. "Jiko!" darasa zima likapiga kelele, likacheka.

"Nani alikufundisha Kiswahili hiki?"

"Baba."

"Baba yako yuko wapi?"

"Nakufa."

Walicheka tena. Walikicheka kitenzi kabla hawajaisikia maana yake. Mwalimu alipiga meza mara moja tu, na kimya kilichofuata kilinitisha kuliko kicheko. Alikuja mpaka mbele yangu akainama kidogo.

"Sema: baba yangu amefariki."

"Baba yangu amefariki."

"Sema tena, mwanangu. Sema kwa sauti."

Nikasema tena. Ile nakufa ya kwetu ilikuwa imemwacha baba akifa kila siku, kila mara mtu alipouliza habari zake. Hii amefariki ilifunga mlango. Sikulia darasani. Nililia njiani, na nilipomaliza kulia niliapa kwamba Kiswahili kile cha shuleni nitakitia mkononi chote, mpaka asipatikane wa kunicheka.

Nikaanza siku hiyo hiyo. Kila nilichokiona njiani nilikitaja kwa ngeli yake. Mti huu, miti hii. Jembe hili, majembe haya. Ng'ombe wa jirani alipita nami nikamwambia kwa sauti, "Ng'ombe huyu, ng'ombe hawa," mchungaji akaniangalia kama aliyerukwa na akili. Nikikosea nilirudi nyuma mpaka mti wa mwisho nilioupatia, nikaanza upya. Wakati huo huo, katika kucheza na watoto wa pale nyumbani, Kisamia kiliniingia bila kubisha hodi. Mwaka ulipokuwa unakaribia kwisha nilikuwa nasomea darasa zima hadithi kwa sauti. Mama alinisikia nikifanya mazoezi, akasema, "Wewe sasa naongea kama redio." Hakuwa ananikejeli. Alipenda redio.

Sasa nije kwa baba mdogo. Alikuwa ndugu wa pekee wa baba, na katika ukoo ule yeye ndiye aliyekuwa akinunua ng'ombe upande wa Tororo na kuwauza upande wa Busia. Biashara hiyo ilimfundisha Kipadhola, tena kizuri. Mama alipomsikia mara ya kwanza akimwamkia kwa lugha ya kwao, machozi yalimtoka. Sitaki kumchora baba mdogo kama fisi. Alikuwa na watoto wengi na shamba jembamba, na shamba la baba lililala pembeni ya lake, likishuka kutoka barabarani hadi kijito. Mtu mwenye watoto wengi akilala usiku huliona shamba la jirani hata akiwa amefumba macho.

Mwaka wa msiba ulipotimia, wazee wa ukoo wakaitwa nyumbani kwa liguru, ndiye mkuu wa kijiji, kuamua habari za mama: atakaa au ataondoka, na shamba liwe la nani. Siku iliyotangulia baba mdogo alikuja kwetu, akaketi, akaongea naye Kipadhola kwa upole. Mama alinisimulia baadaye. Alimwambia, "Shemeji, pale usiseme Kiswahili chako. Wazee watakicheka, watakudharau, na mimi nitaaibika nawe. Sema lugha yako, mimi nitakufikishia kwa Kisamia." Mama akamshukuru. Alikwisha kusikia watu sokoni wakimwigiza.

Siku ya kikao nilikuwa shuleni. Mama alirudi jioni uso umekunjuka. Alisema wazee walimsikiliza kwa heshima, walitikisa vichwa, mmoja hata alifuta macho. "Nawaambia nakaa hapa, nalima shamba ya bwana yangu, nakuza watoto yangu. Wote nasema sawa." Usiku ule tulikula samaki.

Siku mbili zilipita. Kisha asubuhi moja nyanya akaja, si na kibuyu cha uji, bali na kikapu cha wimbi na jogoo amefungwa miguu. Akaviweka mbele ya mama. Akamkumbatia, akaanza kulia kwa sauti, maneno mengi ya Kisamia yakitoka pamoja na kilio. Mama alishikwa na bumbuwazi. Aliyajibu yote kwa neno lile lile, "Pole, pole," lakini nyanya alitikisa kichwa.

Mimi nilikuwa naelewa.

"Nasema nini?" mama akauliza.

"Anasema... hivi ni vya safari yako. Anasema hakulaumu, wewe bado kijana. Anasema atanilea mimi na mdogo wangu kama macho yake."

"Safari gani?"

Nikamuuliza nyanya. Akanieleza polepole, akinishika shavu, kama mtu anayempasulia mtoto habari asizopaswa kuzijua. Mama yako alisema mbele ya wazee kwamba amechoka. Ameomba ruhusa arudi kwao Mwello. Watoto amewaacha kwa ukoo, kama ilivyo haki. Mwana wangu mdogo ndiye aliyetufikishia maneno yake, na sote tulisikitika.

Nilipomtafsiria mama, hakupiga kelele. Aliketi chini palepale, akamfungua jogoo kamba za miguu, akamwachilia. Kisha akamtazama nyanya, akajipiga kifua kwa kiganja na kuipiga ardhi kwa kiganja kile kile. Kifua, ardhi. Kifua, ardhi. Nyanya aliacha kulia. Aliangalia mkono ule, akanitazama mimi, akamtazama tena mama, na nikaona usoni mwake jambo linamfunukia polepole, na pamoja nalo uchungu wa namna nyingine, kwa maana aliyesema uongo naye alikuwa mwanawe.

Mama hakwenda kwa baba mdogo. Alijifunga kitambaa kichwani, akambeba mdogo wangu mgongoni, akanishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa liguru. Alimkuta anafunga zizi la mbuzi.

"Mzee, mimi nataka wazee nakuja tena."

Liguru alishangaa. "Maneno si yalikwisha?"

"Ile hapana maneno yangu. Yangu bado nasema."

"Shemeji yako ndiye mkalimani. Nani mwingine anajua Kipadhola hapa?"

"Hapana mtu. Mimi nasema mwenyewe."

Yule mzee alimaliza kufunga zizi, kisha akatutajia siku: Jumamosi, baada ya soko. Tulikuwa na siku chache tu mkononi.

Njiani mama aliniambia, "Wewe nafundisha mimi ile Kiswahili ya mwalimu." Nilifurahi mno. Nilijiona ndiye mwenye ufunguo wa nyumba.

Nilikwenda kwa mwalimu nikamwambia nahitaji maneno ya baraza. Hakuniuliza ya nini. Nadhani habari zilikwisha kumfikia, maana Busia hakuna siri ya kulala mara mbili. Alinipa maneno kama mtu anayempa mwenzake zana: marehemu, mjane, urithi, haki, ukoo, ushahidi. Akanieleza kila moja na namna ya kulitumia. Niliyarudia njia nzima.

Jioni, mama akisaga wimbi, nikaanza somo.

"Sema: mimi ni mjane wa marehemu."

"Marehemu nani?"

"Marehemu ni baba. Mtu aliyefariki anaitwa marehemu."

"Baba yako iko na jina. Mimi naita yeye jina hiyo miaka yote. Hapana ita marehemu."

"Basi sema: mimi ni mjane."

"Mjane nini?"

"Mwanamke aliyefiwa na mume."

Aliacha kusaga. Alikuwa ameshalisikia neno la jambo hilo katika lugha nyingine. Wajaluo waliouza samaki sokoni walimwita chi liel, mke wa kaburi, na kwa kuwa Kipadhola ni ndugu wa Kijaluo, hakuhitaji kufafanuliwa. Watu wa pale nyumbani walimwita kwa neno la Kisamia ambalo maana yake ni aliyeachwa. Sasa binti yake amemletea la tatu, tena limetoka shuleni.

"Kila mtu nanipa jina ya kifo," alisema. "Mimi hapana mjane. Mimi bibi ya bwana yangu. Yeye nakufa, mimi bado bibi yake."

"Lakini mama, ndivyo inavyosemwa."

"Nani nasema?"

Nikaendelea na mengine. Urithi alilikataa, kwa sababu nilipomweleza alikumbuka kwamba hata mwanamke hurithiwa, akasema neno linaloshika ng'ombe na mwanamke kwa mkono mmoja halimfai. Ukoo alilikubali shingo upande. Ushahidi ulimshinda kutamka. Kisha nikafika kwenye haki.

"Haki ni nini?"

Nilihangaika. "Ni kitu chako ambacho hata ukinyang'anywa bado ni chako."

Alilirudia polepole, haki, haki, kama anayeonja chumvi. "Hii nachukua," akasema, na mawe ya kusagia yakaanza tena kuunguruma.

Hapa yanipasa niseme jambo kuhusu maandishi haya yenyewe. Nimeandika Kiswahili kwa miaka mingi, na kazi yangu ya kula imekuwa kunyoosha sentensi za watu wengine. Rafiki zangu waliosoma kurasa hizi kabla hazijakamilika walinishauri niyanyooshe na maneno ya mama. Mmoja alisema msomaji atadhani mama alikuwa mjinga. Mwingine akasema niandike kwa ufasaha kisha niongeze kwamba alisema kwa lafudhi ya mpakani. Nimewasikiliza, nami sitafanya hivyo. Kipadhola chake, waliokijua wanasema, kilikuwa cha mtu anayealikwa kusema kwenye harusi. Kiswahili chake ni kile alichokijenga pamoja na mumewe, kwa vipande walivyoviokota laini, na hawakuwa na kingine cha kupendania. Nikikirekebisha nitakuwa nimeingia chumbani kwao na kuhamisha vitu. Msomaji atakayekwama kwenye neno na avumilie kidogo. Mama alivumilia maneno yetu maisha yake yote.

Kufikia Ijumaa alikuwa ameshika sentensi zangu kumi hivi, zote zimekaa sawa, zote zikitoka kinywani mwake kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima. Usiku ule alizisema zote bila kosa. Kisha akasema, "Nzuri. Lakini hii nasema wewe. Mimi hapana iko ndani."

Jumamosi tulikuta mabenchi ya kanisani yamepangwa uani kwa liguru, kando ya ghala la mahindi. Wazee walikuwa wamekaa, fimbo kati ya magoti. Baba mdogo alikuwa amevaa koti. Wanawake walikaa chini upande wa jikoni, nyanya mbele yao. Mtu yeyote aliyekuwa ametoka sokoni na hana haraka alisimama nyuma, na siku ile hakuna aliyekuwa na haraka.

Baba mdogo aliinuka kwanza. Alisema kwa Kisamia kwamba shemeji yake amechanganyikiwa na huzuni, kwamba aliyoyasema mara ya kwanza yalikuwa wazi, na kwamba kama anataka kuyageuza, yeye yuko tayari tena kumfikishia maneno yake.

Mama akasimama. Alikuwa amemshusha mdogo wangu na kumkabidhi mwanamke mmoja. Mimi alinivuta nisimame kando yake.

"Wazee, jambo," akasema. "Leo hapana mtu nabeba maneno yangu. Mimi nabeba mwenyewe."

Kicheko kikapita kwenye mabenchi na kule nyuma kikawa kikubwa zaidi. Kijana mmoja akamwigiza, "Nabeba mwenyewe!" Kilikuwa ni kile kile kicheko cha darasani. Nikamnong'oneza sentensi ya kwanza tuliyofanyia mazoezi. Mama alinibonyeza bega ninyamaze.

Baba mdogo aliona nafasi. "Mnaona? Kiswahili chenyewe kibovu. Tutaelewa nini?"

Hapo liguru akakohoa. Nilikuwa sijui, na mama hakujua, kwamba mzee yule alikuwa askari wakati wa vita vikuu, akapigana mbali sana na kwao, na kwamba Kiswahili alichorudi nacho kilikuwa cha kambi ya jeshi. "Hii Kiswahili," alisema, naye akaisema hivyo hivyo, "ndiyo mimi napewa amri nayo miaka mingi. Mimi nasikia yote. Sema, mama. Mimi nageuza kwa Kisamia." Kicheko kikakauka.

"Asante, mzee. Na huyu mtoto yangu nasikia Kisamia. Yeye nasimama hapa, nasikiliza kama maneno yangu nafika mzima."

Wazee walitazamana. Mtoto, tena msichana, kumsimamia liguru? Lakini liguru alitikisa kichwa kukubali, na mama akaanza. Nitayaandika kama nilivyoyasikia.

"Mimi natoka Mwello. Bwana yangu natoa ng'ombe kwa baba yangu, wewe mzee nakwenda pale, nakula pale, najua. Mimi nakaa na yeye Tororo, yeye nagonjwa, mimi naosha yeye, mimi nakuja na yeye kwa lori mpaka hapa. Yeye nalala hapa. Hapana mtu nauliza yeye kama yeye nachoka nataka kurudi Tororo. Kwa nini nauliza mimi? Ile siku mimi nasema, nakaa. Shemeji nasema, nakwenda. Mimi hapana jua kama ni masikio yake ama mdomo yake. Mungu najua. Mimi nataka kitu mbili. Shamba ya bwana yangu, nalima. Watoto yangu, nakuza. Hii ni haki."

Alipofika kwenye haki alilisema taratibu na kwa sauti, na likasimama pale peke yake.

Liguru akageuza. Alikuwa mkalimani mwaminifu, sentensi kwa sentensi, na nilifuata kila neno. Alipofika mwishoni akasema kwa Kisamia: anataka shamba la mumewe alilime, na watoto wa ukoo awalee.

Nikainua mkono kama darasani.

"Sivyo," nikasema kwa Kisamia. Sauti ilitoka nyembamba. "Hakusema watoto wa ukoo. Amesema watoto wangu."

Mzee mmoja alinikemea ninyamaze. Watoto ni wa ukoo, alisema, kuna tofauti gani? Lakini tofauti yote ilikuwa hapo. Mwalimu wangu angemsahihisha mama: si watoto yangu, ni watoto wangu. Liguru alimsahihisha kwa njia nyingine, na katika usahihi wake sisi tukaacha kuwa wake. Nilirudia, safari hii kwa nguvu: "Watoto wangu. Ndivyo alivyosema."

"Alisema hivyo," liguru akakiri. "Yangu, alisema. Nimekosea." Akalirudia kwa wazee wote kama lilivyokuwa.

Kisha nyanya akasimama. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama pale bila kuitwa. Hakusema lolote juu ya mwanawe. Alivuka uwanja, akaja kumshika mama mkono, akabaki amesimama naye, na kila aliyekuwepo alilazimika kuwatazama wote wawili pamoja.

Wazee walijitenga nyuma ya ghala. Tulisikia wakibishana kwa muda mrefu. Waliporudi, liguru alitoa uamuzi kwa Kisamia kisha kwa Kiswahili chake. Mama atakaa. Watoto watakaa na mama yao. Hakuna atakayemrithi mpaka yeye mwenyewe atake. Shamba la chini, kuanzia nyumba hadi kijito, ni lake kulilima mpaka mwanawe akue. Shamba la juu, lile la barabarani lenye migomba, litabaki kwa shemeji yake.

"Migomba ile bwana yangu napanda," mama akasema.

"Tumesikia, mama. Imekwisha."

Hapo ndipo nilipomwona akipungukiwa na maneno kwa mara ya kwanza. Haikuwa haki yote. Ilikuwa nusu, na nusu ile ilikuwa ile ya chini yenye mawe mengi. Lakini nusu ile ilikuwa na sisi ndani yake, akaipokea kwa kuinamisha kichwa.

Baba mdogo hakutozwa faini wala hakuombwa ajieleze. Alivaa kofia yake akaondoka. Kwa wiki kadhaa alipita barabarani bila kutazama upande wetu, na nyanya alipomkuta njiani alimpisha kama anavyompisha mgeni. Siku moja, mwanzoni mwa mvua, tulikuwa shamba la chini tunaokota mawe na kuyapanga ukingoni mwa kijito. Mama aliyang'oa makubwa kwa ncha ya jembe, mimi nikayabeba. Baba mdogo akatokea na ng'ombe wawili wa kupeleka sokoni, akasimama mpakani. Akamwamkia mama kwa Kipadhola, kwa sauti ile ile tamu.

Mama alinyoosha mgongo, akajifuta jasho kwa mkono.

"Shemeji, jambo," akamjibu kwa Kiswahili. "Mimi nalima."

Baba mdogo alichezea kamba ya ng'ombe. Alimtazama mama, akalitazama rundo la mawe.

"Jambo," akasema naye kwa Kiswahili. "Mawe ni mengi."

"Mingi. Nakwisha."

Akamfunga ng'ombe mmoja kwenye kichaka na mwingine kando yake, akavua koti, akaingia shambani. Lile jiwe kubwa la katikati, ambalo mimi na mama tulikuwa tumeshindwa kulitikisa, alilishika upande mmoja na mama upande wa pili. Hawakuzungumza zaidi. Mama alihesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, na kwa tatu jiwe likatoka.

Tangu siku hiyo baba mdogo hakuwahi tena kumsikia mama akimjibu kwa Kipadhola. Waliishi majirani mpaka wakazeeka, wakakopeshana majembe, wakazikiana watu, na yote waliyoambiana waliambiana kwa Kiswahili, waziwazi, mahali ambapo mtu yeyote apitaye angeweza kuwasikia.